Mifuko Minane ya Mchanga

Mara ya kwanza Lempi Harju kuingia mtaroni majira yale ya baridi ilikuwa mwishoni mwa Januari, wiki tatu baada ya kufiwa na mumewe. Ilikuwa kwenye kona ya chini ya Mlima wa Salmi, mahali alipokuwa amepita kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na moja. Hakupiga kelele wala hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akazungusha usukani kuelekea upande ule ule mkia wa gari ulikokuwa unakimbilia, kama alivyofundishwa akiwa msichana, akangoja gari limtii. Gari halikumtii. Lilizunguka taratibu, likamwonyesha barabara aliyotoka, kisha likarudi kinyumenyume na kuketi ndani ya theluji hadi kwenye vioo vya milango. Lempi akazima injini. Akajipapasa moyoni kutafuta hofu, hakuikuta. Akatafuta angalau hasira, nayo haikuwapo. Alichokuta ni wazo moja tu, kwamba leo watoto wa shule anaowapikia watachelewa kupata uji.

Kwetu huku, kwenye rasi inayochomoza ndani ya ziwa kubwa la kaskazini, kuingia mtaroni si habari. Theluji huanza kabla majani hayajamaliza kuanguka, na mwaka wa kawaida hutupimia futi ishirini. Mtu anayefika Machi hajaingia mtaroni hata mara moja tunamshuku kwamba hatoki nyumbani. Lakini Lempi alikuwa hajaingia tangu mwanawe wa pekee alipokuwa tumboni, na huyo mwanawe sasa ana kipara. Watu wakasema ni majonzi. Majonzi kwetu ni kama mafua, yanaelezea kila kitu.

Gari lenyewe lilikuwa sedani kubwa ya buluu, kuukuu, iliyowahi kuwa ya polisi wa kaunti kabla Arvo, marehemu mumewe, hajainunua mnadani. Lilikuwa likisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Majirani wote walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, wanapanda nayo vilima huku wakinywa kahawa. Arvo aliwacheka. Alisema hao wameongeza magurudumu mawili ili wakwame mbali zaidi na nyumbani. Yeye alikuwa na dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa mchanga. Kila Novemba, Jumamosi moja kabla ya kuwasha sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, alipakia ndani ya buti la gari mifuko minane ya mchanga, pauni sitini kila mmoja, akiilaza juu ya ekseli ya nyuma ili uzito uyakandamize magurudumu, na kuikaza kwa ubao isitembee. Halafu alifunga buti na halikufunguliwa tena mpaka Aprili, kwa sababu kitasa chake kiliganda. Ndiyo maana koleo, blanketi na ndoo ya majivu ya jiko vilikaa kiti cha nyuma majira yote, na mboga za dukani zilikaa huko huko juu yake.

Novemba hiyo pia alipakia. Lempi alimwona dirishani, akihema, akipumzika baada ya kila mfuko mkono ukiwa kiunoni. Tarehe nne Januari Arvo alipanda ngazi kwenda kukwangua theluji juu ya paa, na aliposhuka hakushuka kwa miguu yake.

Alizikwa? Hapana, bado. Kwetu ardhi ya Januari haichimbiki. Anayekufa baada ya Krismasi hulazwa kwenye nyumba ya kungojea, chumba cha mawe kilichochongwa ubavuni mwa kilima cha makaburi, chenye mlango wa chuma na ngazi kumi na mbili za kupandia. Hukaa humo na wenzake mpaka Mei, ardhi inapokubali. Kwa hiyo Lempi alikuwa mjane ambaye mumewe hayuko nyumbani wala kaburini, na yeye mwenyewe alijihisi hivyo hivyo, hayuko huku wala kule. Alipika, alifua, alilala saa zake. Walipomletea keki na pole alisema asante. Alingoja kilio kama mtu anavyongoja barua, kisha akaacha kungoja.

Siku moja baada ya ibada ya kumuaga Arvo, mwanawe, Darrell, alimkalisha mezani jikoni. Darrell ana miaka arobaini na mitatu na anaishi kusini kwenye jiji, mwendo wa saa tisa, ambako barabara humwagiwa chumvi na theluji hukimbia yenyewe. Alimwambia mama yake auze nyumba akaishi naye. Lempi alisema ana kazi, ana sauna, na ana mtu kwenye nyumba ya kungojea. Darrell akasema tatizo ni gari. Huku hakuna basi linalopita kijijini, na mama wa miaka sitini na minne hawezi kuwa peke yake barabarani na gari la magurudumu mawili. Walivutana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho Lempi, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kukubali, alitoa ahadi: akiingia mtaroni mara tatu kabla ya theluji kuisha, atampa Darrell ufunguo wa gari, na nyumba itauzwa. Darrell akaona mara tatu ni nyingi mno. Mama yake akamwambia asijisahau alizaliwa wapi.

Shahidi wa ahadi hiyo alikuwa Clayton Pelto, jirani mwenye gari la kusukumia theluji. Clayton anakaribia miaka arobaini, ana mabega ya ng'ombe, lakini mbele ya Lempi bado ni mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akirudi dirishani kuomba viazi vya kuongezewa. Humwita Bi Harju mpaka leo. Darrell alimwomba awe anampigia simu kila mama akiingia mtaroni. Clayton alikubali huku akitazama viatu vyake.

Basi hiyo ya Januari ikawa ya kwanza. Clayton alikuja na mnyororo, akalivuta gari, akakung'uta kibendera cha rangi ya chungwa kilichofungwa kwenye antena ili gari lionekane juu ya kuta za theluji, akasema inatokea. Ya pili ilikuwa katikati ya Februari, mbele ya geti la shule, watoto wakitazama. Mkia wa gari ulimtoka pale pale kwenye tambarare, bila kilima wala kona, kama gari linaloendeshwa na mtu aliyesinzia. Mwalimu mmoja alimshika mkono na kumuuliza kama anaona vizuri. Lempi alisema anaona vizuri. Usiku huo huo hakuwa na hakika.

Hapo ndipo alipoanza kujichunguza. Aliendesha polepole zaidi, akitoka nyumbani saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na moja. Alishika usukani kwa ncha za vidole apate kulisikia gari, kama alivyozoea, na hakusikia kitu. Gari lilielea. Likipanda kilima magurudumu yalizunguka bure yakipiga kelele ya mbuzi, likishuka mkia ulitafuta kutangulia. Alihitimisha kwamba kosa liko kwenye mikono yake. Mikono iliyojua gari hili ilikuwa imeondoka na Arvo, na hii iliyobaki ilikuwa ya kukatia vitunguu tu. Wazo hilo halikumuuma. Alilichukua kama taarifa ya hali ya hewa.

Kila siku akitoka kazini alisimama kwenye geti la makaburi, injini ikiwaka, akautazama mlango wa chuma kule juu kwa dakika tano. Hakushuka. Hakuwa na la kumwambia Arvo. Lakini alijua kwamba akikosa gari atakosa hata dakika tano hizo, na hilo ndilo jambo pekee lililokuwa na uzito wowote kwake.

Ya tatu ilikuja tarehe ishirini na saba Februari, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya theluji mpaka macho yanatoa machozi yasiyo na maana. Lempi alikuwa akitoka kwenye geti hilo la makaburi. Aliingiza gia, akakanyaga mafuta kidogo, kidogo kabisa, na gari likatembea kiubavu kama kaa, likatumbukia. Alijaribu kulipiga mbele na nyuma. Alimwaga majivu yote ya ndoo chini ya tairi. Alichimba kwa koleo kwa nusu saa, jasho likigandia shingoni. Kisha akaketi juu ya boneti akangoja, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayempita aliye mtaroni, na mtu wa kwanza kupita alikuwa Clayton.

Clayton alishuka akaangalia kushoto na kulia. Barabara ilikuwa tupu.

"Bi Harju," alisema, "mimi leo macho yananisumbua. Hili jua. Sioni gari lolote hapa."

"Unaliona."

"Naliona limeegeshwa vibaya."

"Clayton, hii ni ya tatu. Fungua mnyororo wako."

Alifunga mnyororo mbele, akaenda nyuma kuegemea buti ili aone gari limekaa vipi. Alipoegemea, gari likabonyea chini na kuruka juu. Clayton akasimama. Akaegemea tena. Likaruka tena, jepesi kama kitanda cha mtoto. Akamtazama Lempi kwa uso ambao Lempi hakuwahi kuuona tangu siku alipomkuta akiiba maandazi.

"Mchanga wa Arvo uko wapi?"

Lempi alisema uko humo ndani, alimwona akiupakia. Clayton hakubishana naye. Alichukua ufunguo, akaupasha moto kwa kiberiti mpaka ukamchoma vidole kupitia glavu, akausukuma kwenye kitasa, akazungusha. Buti likafunguka kwa mlio. Ndani kulikuwa na ubao wa kukazia, gurudumu la akiba, na kiganja kimoja cha mchanga kwenye kona.

Wote wawili wakasimama wakiutazama huo mchanga kiduchu. Halafu Clayton akasema polepole kwamba siku ile ya kumleta Arvo makaburini, yeye alikuwa amesafisha njia kwa gari lake mpaka chini ya ngazi, na aliporudi baadaye alikuta ngazi zote kumi na mbili zimemwagwa mchanga, mwingi mno. Alidhani umetoka kanisani.

Lempi akageuka kutazama kilima. Kutoka pale mtaroni ngazi zilionekana vizuri, na kweli, chini ya theluji nyembamba iliyoanguka jana kulikuwa na rangi ya kahawia. Hapo akaikumbuka siku ile, kipande kimoja chake. Alikuwa ameketi kiti cha mbele cha gari hili hili, amevaa glavu nyeusi za kuazima, akitazama mbele. Nyuma yake buti lilikuwa wazi na mtu alikuwa akitoa vitu. Na gari lilikuwa likiinuka. Aliuhisi mkia ukipanda kidogo, ukatulia, ukapanda kidogo tena, mara nyingi, na wakati huo alidhani ndivyo mtu anavyohisi akifiwa, kwamba kitu kinapunguka chini yake. Hakugeuka kuangalia.

Wiki saba. Wiki saba alikuwa anaendesha kasha tupu, na akaamini kwamba mtupu ni yeye.

Clayton alikuwa amekasirika sasa, akitaka kujua ni mpumbavu gani kwa nchi hii anatoa mchanga kwenye buti la mtu Januari na asirudishe. Hata mlevi, alisema, hata mgeni. Lempi alimwambia avute gari.

Alipofika nyumbani alivua buti za miguuni, akaketi kwenye kiti kilicho chini ya simu ya ukutani, akapiga kusini. Darrell alishtuka kumsikia saa za kazi. Akauliza kuna nini.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema Lempi. "Siku ya baba yako, zile ngazi. Mchanga nani aliumwaga?"

"Mimi, mama."

"Wote?"

"Wote. Mifuko minane. Zile ngazi zilikuwa kioo kitupu, mama. Wale wanaume sita walikuwa wameshika jeneza, hakuna aliyekuwa na mkono wa kukushika wewe, na mimi na viatu vyangu vile nisingeweza kujishika hata mwenyewe. Nikasema potelea mbali, baba atanigombeza kwa kumaliza mchanga wake." Akacheka, na kicheko kikakwama njiani. "Nilikuwa naitazama miguu yako. Ngazi zote kumi na mbili. Hukuteleza hata mara moja. Mama, siku ile mchungaji alisema nini sikumbuki, nani alikuja sikumbuki. Hilo tu ndilo najua nililifanya."

Lempi alikuwa na sentensi tayari mdomoni. Ilikuwa fupi na ya kweli, na ingemwachia gari, kazi, nyumba na zile dakika tano za getini. Darrell alizaliwa huku. Alipokuwa mdogo alimmulikia baba yake taa kila Novemba, akihesabu mifuko kwa sauti. Lakini miaka ishirini na mitano ya chumvi barabarani ilikuwa imemfuta hilo kichwani. Siku ile aliona mchanga kwenye buti akadhani ni mchanga wa ngazini, kama mtu wa jiji. Angeambiwa mara moja tu angeelewa, na akielewa, lile jambo moja alilolifanya siku ya baba yake lingegeuka kuwa lile lililomtupa mama yake mtaroni mara tatu.

Mimi ningemwambia. Ningemwambia yote, na ningeongeza mawili matatu kuhusu vile viatu. Lakini Lempi alilisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kumnyang'anya mtoto sahani akiwa anakula.

"Ulifanya vizuri," alisema.

"Kweli?"

"Ningeanguka." Halafu, bila kupumua katikati, "Leo nimeingia mtaroni. Ni ya tatu."

Darrell alisema Clayton hakumpigia. Mama yake akasema ndiyo maana anapiga yeye. Ahadi ni ahadi. Aje achukue ufunguo. Darrell alitaka kufurahi akashindwa, ikasikika kwenye waya. Akasema atakuja kwa basi Jumamosi ya pili ya Machi, aliendeshe gari mpaka kusini, na nyumba wataizungumza baada ya maziko ya Mei.

Kesho yake Lempi alipitia dukani akanunua mifuko minane. Kijana wa duka alitaka kumpakilia, akamkatalia. Aliibeba mmoja mmoja kifuani kama anavyobeba magunia ya unga, akailaza juu ya ekseli, si nyuma kabisa, akaikaza kwa ule ubao. Baada ya mfuko wa tano mgongo ulianza kumuuma, na aliyasikiliza maumivu yake kwa makini, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu hajaumwa na kitu. Alipoendesha kuelekea nyumbani, gari lilikaa chini. Kwenye kona ya Salmi mkia ulijaribu kutoka, akaurudisha kwa vidole viwili. Mikono ilikuwa yake. Hakushangilia, hapakuwa na wa kushangilia naye, na ufunguo ulikuwa umekwisha kuahidiwa. Lakini siku kumi na tano zilizobaki aliendesha hata pale ambapo hakuwa na safari. Ilianguka theluji ya futi moja na nusu Jumatano, magari matatu ya magurudumu manne yakalala mtaroni, na Lempi akapita katikati yake akiinua kidole kimoja kwenye usukani kuwasalimu. Clayton, aliyekuwa akiwavuta, alivua kofia.

Jumamosi hiyo aliendesha hadi mjini, ng'ambo ya daraja, kumpokea mwanawe. Darrell alishuka kwenye basi na begi moja kubwa. Safari hii alikuwa amevaa buti za maana. Walikumbatiana kwa ufupi, kama tunavyokumbatiana sisi, kifua kisiguse sana. Lempi alimwambia aweke begi kiti cha nyuma. Kiti cha nyuma kilikuwa na koleo, blanketi, ndoo na viazi.

"Nitaliweka kwenye buti," alisema Darrell.

"Kitasa kimeganda."

"Najua dawa yake." Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akaupasha ufunguo, kama alivyofanya Januari. Lempi alibaki amesimama kando ya mlango. Angeweza kumzuia. Alitafuta neno la kumzuia akakuta amechoka kuficha.

Buti likafunguka. Darrell akainua begi, akaliacha hewani, akalishusha juu ya theluji. Alitazama mifuko mipya minane, ilivyolazwa kwa mstari na ubao wake. Akanyoosha mkono akaugusa wa kwanza, kisha wa pili, na midomo ikawa inatembea. Alikuwa anahesabu jinsi alivyohesabu akiwa na taa mkononi, kwa lugha ya bibi yake. Alipofika wa nane mkono ukabaki pale.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Ile mitaro yote mitatu."

"Funga buti, baridi inaingia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema hilo tu ndilo ulilolifanya."

Darrell alifunga buti taratibu, kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, na kwenye baridi ile machozi hayafiki kidevuni. Akanyoosha mkono kumrudishia mama yake ufunguo. Lempi akatikisa kichwa. Aliahidi mara tatu, na zilikuwa tatu. Hakusema ziwe za mchanga au zisizo za mchanga. Ufunguo ni wa Darrell.

Walisimama hivyo mpaka dereva wa basi akaanza kuwaangalia. Ni wabishi wote wawili, na huo ubishi ni wa Arvo. Mwisho Darrell akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Akainama, akautia ufunguo mahali pake kutoka upande ule, akawasha injini.

"Ni wangu," alisema. "Na mimi nasema uendeshe wewe."

Lempi alikaa kwenye usukani. Walivuka daraja, wakapita kijiji, wakapanda Mlima wa Salmi kwa upande wa kwanza na kushuka kwa wa pili, mahali pa mtaro wa Januari, na gari likashuka limekaa, zito, limetulia. Alipoona kilima cha makaburi na zile ngazi za kahawia kwa mbali, kile kilio alichokuwa ameacha kukingoja kikamjia, na alikitambua.

"Namkumbuka baba yako," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na sauti ilimtoka vibaya.

Darrell hakuwa akitazama barabara wala kilima. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama miguu ya mama yake kwenye pedali, hatua kwa hatua, mpaka wakafika getini.